Kompyuta ya kwantamu haijaribu majibu yote kwa pamoja

Kisumu, kama kwingineko, watu husimuliana kwamba kompyuta ya kwantamu hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo itafungua PIN yoyote ya pesa za simu kufumba na kufumbua. Sivyo.

Kweli, kyubiti (vipande vidogo vya taarifa vya kompyuta hiyo, vinavyoweza kuchanganya 0 na 1) 14 zinatosha kubeba PIN zote 10,000 za tarakimu nne. Lakini ukizipima unapata moja tu, ya kubahatisha, na nyingine zote zimepotea. Kazi yote hufanyika kabla ya kupima. Kila PIN ina uzito, chanya au hasi, na uzito huo hufanya kama mawimbi ya mashua mbili yanapokutana pale ufukwe wa Dunga: kilele kwa kilele hukua, kilele kwa bonde hufutana. Mbinu ya mwanasayansi wa kompyuta Lov Grover ya mwaka 1996 hugeuza alama ya uzito wa jibu sahihi, chanya iwe hasi, kisha huakisi uzito wote kwenye wastani wake. Jibu hukua kidogo kila mzunguko, na baada ya mizunguko kama 79 liko tayari kupimwa. Ukiendelea hadi 157, linakaribia sifuri tena!

Isitoshe, ili mbinu hiyo ifanye kazi, ukaguzi wa PIN lazima uwe ndani ya kompyuta hiyo ya kwantamu. Lakini PIN yako hukaguliwa na mtandao wa simu, ambao huifunga ukikosea mara chache.

Hatari halisi ni mbinu ya mwanahisabati Peter Shor ya 1994, ambayo kwenye kompyuta ya kwantamu kubwa ya kutosha ingevunja RSA, njia ya usimbaji inayotumika sana kuficha data. Ndiyo maana Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vitatu vipya vya usimbaji vilivyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwantamu. Mafundi wa sacco za Nakuru waanze kwa kuorodhesha kila mahali RSA inapotumika, hasa penye data ya kutunzwa miaka mingi: inaweza kunakiliwa leo, ikafunguliwa baadaye.