Nani huyu ukutani? Maswali na majibu kuhusu nge, nyoka na wadudu wa jangwani karibu na nyumba

Anayeishi jangwani au pembezoni mwake huzoea kuona kitu kikikatiza sakafuni usiku. Wengi hushika kiatu kwanza, halafu ndipo huuliza kilikuwa nini. Naomba tubadilishe mpangilio huo: tutazame kwanza, tukiwa mbali kidogo.

Swali: Mchana sioni kitu, giza likiingia wanajaa. Wanatoka wapi?

Wapo muda wote. Jua la jangwani humkausha mdudu upesi, kwa hiyo mchana hujificha chini ya mawe, ndani ya mashimo na kwenye nyufa za ukuta, hadi ardhi ipoe. Nyumba yako ina vitu ambavyo jangwa linavitoa kwa uchache: kivuli, unyevu na chakula. Taa ya mlangoni huvuta wadudu warukao, wadudu huvuta mijusi na nge. Nafaka iliyomwagika huvuta panya, na panya huvuta nyoka. Ukiona panya wameongezeka, anza kuangalia chini unapotembea.

Swali: Nitamwonaje nge kabla sijamkanyaga?

Tafuta tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ndogo yenye mwanga wa zambarau. Gamba la nge hung'aa likipigwa na mwanga huo. Zima taa nyingine zote, tembea polepole ukiwa umevaa viatu vilivyofunika mguu, umulike sehemu za chini za kuta, mawe na rundo la kuni. Mtu anayeifanya kazi hii mara ya kwanza hushtuka: ukuta ambao dakika moja iliyopita ulikuwa mtupu unamwonyesha mkia uliokunjwa, magando mawili na miguu minane, vyote vikiwaka kijani chenye ubuluu. Usimulike macho ya mtu kwa tochi hiyo.

Tahadhari moja: nge aliyetoka kujivua gamba haangazi mpaka gamba jipya likomae. Kwa hiyo usiku ambao hukuona chochote bado kung'uta viatu asubuhi, kung'uta nguo zilizolala sakafuni, na usogeze kitanda mbali na ukuta. Na ukimwona nge ambaye mgongo wake unaonekana umevimba na kuwa mweupe, inama kidogo utazame ukiwa palepale ulipo. Huyo ni mama, amebeba watoto wake.

Swali: Yupi ni hatari na yupi si hatari?

Rangi itakudanganya. Tazama umbo. Nge wengi wenye sumu kali wana magando membamba na mkia mnene; wenye magando makubwa kama ya kaa na mkia mwembamba mara nyingi huwa na sumu hafifu. Nasema mara nyingi kwa sababu wapo wanaovunja kanuni hii, kwa hiyo isikupe ujasiri wa kumshika yeyote.

Akishamuuma mtu, acha kumchunguza nge, mchunguze mtu. Maumivu makali, ganzi na kuwashwa mahali palipoumwa ni kawaida: osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa cha baridi, mpe dawa ya maumivu aliyozoea. Lakini akianza kutapika, kutokwa jasho jingi, kutokwa mate, misuli kurukaruka, macho kuzunguka bila mpangilio au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali. Mtoto mdogo usingoje dalili hizo. Sumu ileile iliyomuumiza mtu mzima inaingia katika mwili mdogo zaidi, na watoto ndio nge huwaua zaidi.

Swali: Kuna kitu kikubwa chenye manyoya, kama buibui, kilinikimbiza kabisa. Ni nini?

Wengine humwita buibui wa jua, ingawa si buibui wala si nge. Ni jamaa yao. Hana mkia wala mwiba, na mbele ana taya mbili nene kama koleo. Ukimhesabu utadhani ana miguu kumi, kwa sababu viungo viwili vya mbele anavitumia kupapasa. Hana sumu. Akibanwa hung'ata na anaweza kutoa damu, basi osha kidonda vizuri kwa sabuni. Na hakukukimbiza wewe: alikuwa anakimbilia kivuli chako. Sogea pembeni, atapita.

Swali: Nyoka wa mchangani nitawajuaje?

Soma mchanga asubuhi kabla watu hawajaukanyaga. Nyoka wengi huacha mstari mmoja wenye mawimbi. Ukiona michirizi mifupi iliyolala mshazari, mmoja baada ya mwingine bila kuungana, hapo amepita nyoka anayetembea kwa ubavu, na wengi wa mwendo huo ni wenye sumu. Katika Sahara yuko nyoka mwenye pembe juu ya macho, ambaye hujizika mchangani hadi yabaki macho na pembe tu. Ndiyo maana nasisitiza viatu vya kufunika mguu na tochi, hata kama unakwenda hatua kumi tu.

Yuko pia nyoka mfupi, mara nyingi chini ya sentimita 60, anayepatikana sehemu kavu za kaskazini mwa Afrika, Mashariki ya Kati hadi India. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake, akatoa sauti kama msumeno unaokata ubao. Ukiisikia, simama, kisha rudi nyuma taratibu. Sumu yake huzuia damu kuganda, na mtu anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla fizi hazijaanza kuvuja damu. Kwa hiyo "najisikia vizuri" si sababu ya kubaki nyumbani.

Swali: Nimuue nyoka ili daktari amwone?

Hapana, tafadhali. Watu wengine wameumwa mara ya pili wakimfukuza, na hata kichwa cha nyoka aliyekufa kinaweza kung'ata. Picha ya mbali inatosha, na ikikosekana, daktari atafuata dalili.

Mgonjwa atulie, avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, mguu au mkono ulioumwa ufungwe gango usicheze, abebwe badala ya kutembea. Msifunge kamba kwa kukaza, msichanje, msinyonye, msiweke barafu wala jiwe la nyoka. Swila akikutemea sumu machoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo, kisha nenda hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi wangepona kama wangefika mapema penye dawa ya kupambana na sumu.

Swali: Na wale wadogo ambao hatuwaoni?

Hao ndio hunitia wasiwasi zaidi. Usubi wa mchangani ana urefu wa milimita mbili au tatu, mwenye manyoya, akitua husimamisha mabawa juu kama herufi V, na halii masikioni kama mbu. Hupenya tundu za chandarua cha kawaida, kwa hiyo tafuta chenye matundu madogo zaidi au kilichowekwa dawa. Baadhi yao huchukua vimelea vya lishmania, vinavyoleta vidonda vya ngozi, kutoka kwa panya wa jangwani na kuvipeleka kwa mtu. Kipele kisicho na maumivu kinachogeuka kidonda na kukaa wiki nyingi bila kupona kipelekwe kwa daktari, na umwambie unaishi karibu na mashimo ya panya.

Swali: Mbweha ameingia uani mchana kweupe, mpole kabisa. Tumlishe?

Msimkaribie. Mbweha asiyeogopa watu anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Waingizeni watoto na mbwa ndani, toeni taarifa kwa idara ya mifugo. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende kwenye chanjo siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu daima huua.

Swali: Mtoto ameamka usiku analia, hatuoni kitu. Tufanyeje?

Washeni taa, mvueni nguo zote, mtazame vidole, kisogo, makwapa na mikunjo ya ngozi. Mahali ambapo hataki paguswe ndipo pa kuanzia, hata kama hapana alama, kwa sababu mwiba wa nge mara nyingi hauachi kovu wala uvimbe. Mmoja ainue shuka na godoro kwa tahadhari, mwingine abaki na mtoto akitazama pumzi, mate na macho yake. Kikibadilika kimojawapo, au mkishuku kuwa ni nge, ondokeni kwenda hospitali. Kumsaka aliyemuuma kutangoja.