"Bangi bandia" na shida ya neno bandia

Wiki iliyopita kijiweni Sakina, hapa Arusha, chalii mmoja wa boda alikuwa anasimulia habari ya jirani yake: katapika, kakakamaa na kutetemeka, alipozinduka akawa anaongea na mama yake ambaye ni marehemu. "Ilikuwa bangi bandia tu," akamaliza, "wakampa maziwa."

Hiyo "tu" imenikaa kooni. Si mara ya kwanza kuisikia.

Bangi bandia maana yake ni hii. Ni kemikali zinazotengenezwa maabara, zinaitwa kanabinoidi za kutengenezwa. Zinayeyushwa kwenye asetoni au spiriti, zinanyunyiziwa majani makavu yoyote yale, basi, mzigo uko tayari kuvutwa. Mmea wa bangi unaweza usiwemo hata jani moja.

Sasa njoo kwenye neno lenyewe. Bandia ni mwanasesere: ana macho, ana nywele, ila halii wala hanyonyi. Ndiyo maana tukisema noti bandia tunajua hainunui hata kiberiti, na mwenye meno bandia anaiangalia mishikaki kwa mashaka. Kwa Kiswahili chetu, cha bandia siku zote kina upungufu kuliko cha kweli. Kwa hiyo kijana akiambiwa "bangi bandia" anaelewa kitu chepesi, cha kuzugia, cha mtu aliyekosa cha Arusha, yaani bangi yenyewe. Lugha ndiyo imemdanganya.

Hapa bandia ndiye mwenye nguvu. THC, ile kemikali ya kwenye bangi inayolevya, ikifika kwenye vipokezi vya ubongo, yaani sehemu za seli zinazoipokea, huvifungua nusunusu, kama mtu wa Arumeru anayechomoa sehemu ya kizibo cha mfereji ili maji yafike kwenye migomba yake. Kemikali hizi nyingi hung'oa kizibo chote. Halafu hazinyunyiziwi sawasawa: ni chumvi iliyomwagwa kwenye sufuria ya makande bila kukorogwa. Marafiki wawili wanavuta pakiti moja, mmoja anacheka, mwenzake anadondoka.

Waliozitengeneza mwanzoni wala hawakuwaza vijiwe. John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alikuwa anachunguza jinsi vipokezi hivyo vinavyofanya kazi, na kemikali iitwayo JWH-018 imebeba herufi za majina yake. Mwaka 2008 ikakutwa Ujerumani ndani ya vipakiti vya "Spice", vilivyokuwa vinauzwa eti ni ubani.

(Na skanka msiichanganye humu. Skanka ni bangi, imeota ardhini, THC yake tu ndiyo nyingi.)

Jina likikosewa, tiba nayo inayumba. Kile kipimo cha kawaida cha mkojo kinatafuta mabaki ya THC, hivyo mgonjwa wa kemikali hizi anaweza kutoka hana kitu, ndugu wakaanza kunong'ona kwamba karogwa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu yenyewe. Naloksoni, inayomwamsha aliyezidisha heroini, haiigusi. Kazi ya daktari ni kumshikilia mgonjwa mpaka mwili uimalize: njia ya hewa iwe wazi, oksijeni, dripu, diazepamu kama ana degedege au fujo, sukari ipimwe, moyo uangaliwe kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na figo zisisahaulike maana huwa zinaumia. Wengine hawana fujo kabisa, wanalala tu huku pumzi ikipungua, na hao ndio wa kuogopwa zaidi. Tena ndani ya pakiti kunaweza kuwa na mengine: mwaka 2018 huko Illinois, Marekani, zaidi ya watu 150 walivuja damu kwa sababu mzigo ulichanganyika na brodifakumu, sumu ya panya, wakatibiwa kwa vitamini K.

Chalii akanisikiliza, akauliza, "Sasa bro, maziwa ni kosa?"

Ni kosa, mdogo wangu. Mtu ambaye hajitambui akinyweshwa maziwa yanaweza kumpalia yakaishia mapafuni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na ile pakiti aliyovuta ibebe. Nesi akikuuliza katumia nini, usimjibu bangi, ya bandia wala ya kweli. Mwambie kavuta majani yaliyonyunyiziwa kemikali.