Kukubali sio "kubali yaishe": uongo tunaoambiana kuhusu pombe na yaliyotukuta

Nina jamaa yangu dereva wa lori, miaka kadhaa nyuma alipata ajali usiku, utingo wake akafia palepale. Toka hapo kila jioni lazima apate "mbili za kulalia", na sisi washkaji ndo tulikuwa tunamnunulia, tukijua tunamsaidia. Kwa hiyo haya mengi niliyaamini mwenyewe.

"Pombe inasahaulisha." Inalaza kweli, hapo sibishi. Ila inabana ule usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, af ikianza kuisha mwilini ndoto zinarudi kwa fujo, jamaa alikuwa anashtuka saa 9 usiku shati limelowa chapachapa, mguu unakanyaga breki kitandani. Asubuhi wasiwasi umezidi wa jana, jioni mbili hazitoshi tena.

"Kukubali ni kushindwa." Hii ndo kubwa kuliko zote. Tukiambiwa kukubali tunasikia kubali yaishe, kama vile mtu aseme utingo kufa ilikuwa poa tu, au asamehe, au ameze akae kimya. Wala. Kinachokubaliwa ni kilichopo kifuani saa hiyohiyo: moyo unaenda mbio, picha ya zile taa za usiku wa ajali imekuja, unaitaja kabisa, "hofu hiyo imekuja", unapumua, unaiacha ikae mpaka ipungue yenyewe bila kukimbilia chupa. Ajali inabaki mbaya vilevile. Na kuyafukuza mawazo hakusaidii, mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha utafiti ambamo aliwaambia wanafunzi wasimuwaze dubu mweupe, ukimuwaza gonga kengele. Kengele zikagongwa weee! Af waliporuhusiwa kumuwaza, wakamuwaza kuliko hata walioambiwa wamuwaze toka mwanzo.

"Kukaa kimya na kufuata pumzi ni mambo ya dini za watu." Hilo ndo zoezi la kujifunza huko kukubali. Chimbuko lake Ubudha, ndio, lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa Marekani, aliyaingiza hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, hamna ibada humo. Na macho sio lazima ufumbe, mtu aliyeona makubwa akifumba tu sinema inaanza, bora ayaache wazi, akanyage sakafu vizuri, aangalie ukuta. Ikimzidia aache, hiyo ni kazi ya kufanya na mshauri.

"Mwanaume anaamua siku moja anaacha." Anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa, na siku mbili tatu za mwanzo ndo mbaya zaidi. Hapa ndo tulipochemka. Jamaa aliacha Ijumaa, tukampongeza, Jumapili chai inamwagikia kwenye kisosi mikono inavyotetemeka, anaongea na utingo kama yupo mlangoni. Tukamkimbiza hospitali, daktari akauliza mbona hamkumleta kabla hajaacha, tukabaki tunaangaliana.