Ofseti kwenye dampu la meinfremu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vijana wa Mbeya wanaojifunza COBOL, lugha ya kuandikia programu za meinfremu (kompyuta kubwa za mashirika), kupitia mafunzo ya IBM Z Xplore, ambayo ni ya bure, wengi hukwama palepale: programu imekufa kwa S0C7 (kosa la data), dampu, yaani nakala ya kumbukumbu ya wakati huo, limejaa heksadesimali (namba za msingi wa 16, 0 hadi F), na kila aliye karibu ana maelezo yake ya jinsi ya kupata ofseti, yaani umbali wa agizo kutoka mwanzo wa programu.

“Anwani iliyo kwenye PSW ndiyo ofseti.” Sivyo. PSW, inayoonyesha mashine imefika agizo gani, ina anwani ya kumbukumbu, na programu inaweza kupakiwa mahali tofauti kila inapoendeshwa. Ni kama kusafiri kutoka Mafinga kwenda Makambako huku vibao vya barabarani vikihesabu kilomita kutoka Dar: lazima kwanza utoe za Mafinga. Tuseme PSW inaonyesha 1F4A6C2 na moduli, yaani programu iliyo tayari kuendeshwa, imepakiwa kuanzia 1F4A000. Tofauti ni 6C2. Ramani ya kiunganishi (kifaa kinachounganisha programu kuwa moduli moja) ikisema programu yako inaanzia 400 ndani ya moduli, toa tena: inabaki 2C2.

“Basi agizo lililoua programu liko 2C2.” Bado. Kwa S0C7, PSW huwa imeshasonga hadi agizo linalofuata. Maagizo ya mashine hizi yana urefu wa baiti 2, 4 au 6, na dampu hutaja urefu huo. Agizo la AP, linalojumlisha desimali, lina baiti 6. Kwa heksadesimali, 2C2 ukitoa 6 unapata 2BC. Sasa fungua orodha ya kompaila (kinachogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine) iliyotolewa kwa chaguo la OFFSET, inayoonyesha kila mstari unaanzia ofseti gani. Kama mstari wa 312 unaanzia 298 na wa 313 unaanzia 2D0, programu imekufia mstari wa 312. Wanaoruka hatua hii wakati mwingine huangukia mstari wa jirani, wakaukagua hadi alfajiri bila kuona kosa.

“Mstari ukipatikana, kosa limepatikana.” Hapa ndipo ninaposihi watu wawe na subira. S0C7 inalalamikia data. Nafasi tupu kwenye EBCDIC, msimbo wa herufi wa meinfremu, ni 40, ilhali tarakimu inayobeba alama ya chanya au hasi ya namba ya desimali lazima iwe kati ya A na F. Mstari wa 312 unaweza kuwa safi kabisa, na uchafu ukawa umeingia kwenye faili tangu programu nyingine ilipoliandika.

“Orodha ikipotea, kompaili upya.” Ukibadilisha msimbo, toleo la kompaila au kiwango cha OPTIMIZE (chaguo la kuharakisha programu), ofseti zinaweza kuhama, na orodha mpya itakuelekeza pasipo. Hifadhi orodha pamoja na moduli iliyozaliwa nayo siku ileile.