Ruzuku ya utafiti si skolashipu

"Profesa fulani wa chuo kikuu amepata skolashipu ya dola milioni mbili ya kutafiti malaria." Maneno ya namna hii nimeyasikia redioni hapa Kampala, nimeyasoma kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi, na majuzi yametamkwa na mhadhiri kijana pale Wandegeya, mtu ambaye kazi yake inamtaka ajue. Waliokuwepo wakaitikia tu.

Skolashipu, yaani ufadhili wa masomo, humlipia mtu. Ruzuku ya utafiti hulipia kazi, na hupewa taasisi. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Wengi wanaielewa wakiambiwa, kisha kesho yake wanarudia kosa lile lile, kwa kuwa hawajaona tofauti hiyo inagusa nini.

Upande wa skolashipu hauna matata. Fulbright ya Marekani, DAAD ya Ujerumani, skolashipu za Jumuiya ya Madola zilizoanzishwa mwaka 1959: mwanafunzi au mhadhiri anapewa ada, nauli na posho ya kujikimu. Akimaliza, fedha zimekwisha, na elimu aliyoipata ni yake popote aendapo. Ni haki kabisa kumpongeza kwa jina.

Ruzuku ni mkataba, na kwa kawaida anayefungwa nao ni chuo. Mtafiti mkuu huandika pendekezo na kuongoza kazi, lakini fedha huingia kwenye akaunti ya taasisi, kila kipengele kina bajeti yake, na wakaguzi wa mahesabu wanaweza kuja wakati wowote. Jaribio la tohara la Rakai, wilaya iliyo kusini mwa Uganda, lilihusisha wanaume karibu 5,000, likasimamishwa kabla ya muda wake mnamo Desemba 2006 kwa sababu ilikuwa imeshadhihirika kwamba tohara inapunguza sana maambukizi ya VVU kwa wanaume. Gharama zake zililipwa na NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayogharimia utafiti wa afya. Hebu tafakari jaribio la ukubwa huo linataka nini: wapasuaji, wauguzi, madereva, mafuta ya magari, vipimo vya damu, friza za kuhifadhia sampuli, watu wa kuwafuata washiriki vijijini mwezi baada ya mwezi. Huwezi kuitazama bajeti kama hiyo ukasema fulani ametajirika. Maneno hayo yanawaumiza watu. Nimeona mtafiti akiombwa michango ya harusi na ukoo mzima kwa sababu gazeti lilitaja mamilioni ya dola pembeni ya picha yake.

Lakini kosa linaloniudhi zaidi liko kwenye habari zinazosema "Uganda imepata" ruzuku ya mamilioni. Ruzuku nyingi za ushirikiano wa kimataifa hazitiwi saini hapa. Chuo cha Marekani au cha Ulaya ndicho mpokeaji mkuu, nacho huingia mkataba mwingine na taasisi ya hapa ili ifanye sehemu ya kazi. Mkataba huo wa pili ndio ruzuku ndogo. Sampuli zinatoka hapa, wagonjwa ni wa hapa, hata jina la wilaya yetu limo kwenye kichwa cha utafiti, lakini taasisi ya Uganda haina mkataba na mfadhili. Ina mkataba na chuo mwenzake. Mfadhili hadaiwi nayo kitu.

Wengi waliona hilo ni suala la makaratasi mpaka Mei 2025, NIH ilipotangaza kwamba haitatoa tena ruzuku mpya, wala kuendeleza za zamani, zikiwa na ruzuku ndogo za taasisi zilizo nje ya Marekani, hadi utaratibu mwingine uwekwe. Mwenye mkataba wa moja kwa moja na NIH alikuwa na mtu wa kumwandikia barua. Mwenye ruzuku ndogo alilazimika kusubiri aambiwe na mwenzake. Watu wawili walioitwa washirika katika pendekezo moja, mmoja ana sauti na mwingine hana, na kinachowatenganisha ni saini.

Saini hiyo hiyo ndiyo inayoeleza malalamiko mengine ninayoyasikia, kwamba "chuo kimekula pesa za utafiti". Kinachosemwa hapo mara nyingi ni gharama zisizo za moja kwa moja, wenyewe wanaziita ovahedi. Ni fedha za mambo ambayo kila mradi unayatumia na hakuna mradi unaoyanunua peke yake: umeme, jenereta, intaneti, wahasibu, ulinzi, kamati ya maadili. Chuo kikubwa cha utafiti Marekani hukubaliana na serikali yake kiwango ambacho mara nyingi kinapita asilimia 50 ya gharama za moja kwa moja. Taasisi ya nje ya Marekani, kwa NIH, imekuwa ikipewa asilimia 8, tena ikielezwa kwamba ni za kuisaidia kutimiza masharti ya mfadhili. Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, Horizon Europe, hutumia asilimia 25 kwa wote, Mganda na Mjerumani sawa. Kwa hiyo friza ikizimika umeme unapokatika, swali la nani kakula linakuja baadaye. Swali la kwanza ni kama umeme huo uliwahi kulipiwa.

Si kila fedha hupita njia hiyo. Sweden, kupitia shirika lake la Sida, ilianza kushirikiana na Makerere mwaka 2000, na wanafunzi wengi wa udaktari wamesajiliwa hapa hapa wakiwa na wasimamizi wa pande zote mbili. Na mwaka 2019 serikali yetu yenyewe ilianzisha mfuko wa utafiti na ubunifu pale Makerere kwa shilingi bilioni 30 za mwaka huo wa fedha. Hizo nazo ni ruzuku. Hakuna aliyepelekwa ng'ambo ndipo ziitwe hivyo.

Ndugu zangu waandishi wa habari, na nyinyi wa ofisi za mawasiliano vyuoni, ninawaomba kabla ya kutangaza mamilioni muulize mkataba umetiwa saini na nani. Kama ni chuo cha nje, tajeni kiasi kilicho kwenye mkataba mdogo wa hapa, kwa kuwa jumla ile kubwa haiji yote. Kisha andikeni jina la taasisi kwanza, na la profesa baadaye, kama kiongozi wa kazi.