Roketi za Kwanza za Marekani Kuelekea Mwezini: Dhana na Ukweli

Watu wengi huamini kwamba Marekani ilianza kurusha vyombo kuelekea Mwezini kwa Saturn V, ile roketi kubwa iliyowabeba wanaanga mwaka 1969. Ukweli ni kwamba jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 17 Agosti 1958, karibu miaka 11 kabla ya hapo, kwa roketi ya Thor-Able iliyorushwa kutoka Cape Canaveral, Florida, ikalipuka angani kabla ya kutimiza dakika moja na nusu. NASA yenyewe ilikuwa bado haijaanza kazi. Ilianza tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo.

Wengine hudhani kwamba roketi hizo zilibuniwa kwa ajili ya Mwezi, ilhali zote za mwanzo zilitokana na silaha. Thor lilikuwa kombora la masafa ya kati la Jeshi la Anga, likaongezewa juu hatua (sehemu ya roketi yenye injini yake) iitwayo Able, iliyotokana na roketi ya Vanguard. Juno II ilikuwa kombora la Jupiter, la Jeshi la Nchi Kavu, lililorefushwa matangi na kubebeshwa roketi ndogo 15 za mafuta yabisi: 11 katika hatua ya pili, 3 katika ya tatu na 1 katika ya nne. Atlas, kombora la kuvuka mabara, inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Matangi yake yalikuwa ya bati jembamba la chuma cha pua, lenye unene wa takriban milimita 1 au pungufu, bila fremu ya kulishikilia, hivyo yalisimama kwa mgandamizo wa ndani tu, kama mpira uliojazwa upepo. Mgandamizo ukipotea, roketi hubonyea na kujikunja.

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote ni kwamba majaribio hayo yalishindwa kwa sababu roketi hazikuwa na nguvu. Ina chembe ya ukweli, kwani Luna 1, chombo cha Wasovieti kilichoupita Mwezi mwezi Januari 1959, ilikuwa na uzito wa kilo 361, na Pioneer 4, chombo cha Marekani, ilikuwa na kilo 6 tu. Lakini uzito mdogo si sababu ya kushindwa. Ili kuufikia Mwezi, chombo huhitaji kasi ya karibu kilomita 11 kwa sekunde, na kikipungukiwa hata kidogo, Dunia hukivuta kirudi. Pioneer 1, iliyorushwa na Thor-Able tarehe 11 Oktoba 1958, ilipanda hadi kilomita zipatazo 113,800, yaani chini kidogo ya theluthi moja ya safari, kisha ikaanguka Bahari ya Pasifiki. Pioneer 3 ilirudi vilevile mwezi Desemba, kwa kuwa hatua ya kwanza ya Juno II ilizimika sekunde chache kabla ya wakati wake. Roketi ya aina hiyohiyo, injini zake zilipofanya kazi ipasavyo mwezi Machi 1959, iliitoa Pioneer 4 kabisa katika mvuto wa Dunia, ingawa chombo hicho kiliupita Mwezi kwa umbali wa kilomita 60,000 hivi. Na Atlas-Able, yaani Atlas iliyobebeshwa hatua ya Able, yenye nguvu kuzishinda zote hizo, haikufikisha chombo hata kimoja Mwezini katika safari zake tatu za mwaka 1959 na 1960. Kwa maoni yangu, hilo pekee latosha kuondoa dhana hiyo: kilichokosekana ni usahihi na uzoefu wa kuunganisha hatua ambazo hazijawahi kuruka pamoja.

Si kweli pia kwamba safari zilizoshindwa hazikuleta chochote. Pioneer 3, kabla ya kuungua katika anga ya Afrika, ilituma vipimo vilivyothibitisha kwamba Dunia imezungukwa na kanda mbili za mnururisho (mionzi), wala si moja.

Kuhusu vyombo vya Ranger vilivyofuata, lawama ya kila kosa hutupiwa roketi. Ranger 1 na 2 kweli ziliangushwa na Agena, hatua ya juu ya roketi yake, mwaka 1961. Ranger 4, kinyume chake, ilipelekwa na Atlas-Agena bila kasoro hadi ikaugonga Mwezi tarehe 26 Aprili 1962, upande usioonekana kutoka duniani. Kilichoharibika ni chombo chenyewe, kilichofika kikiwa bubu, bila picha hata moja.