Kusitirika, lakini na nini?

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, pale Entebbe, Uganda, nikisubiri samaki wangu wapimwe. Pembeni yangu mzee mmoja alikuwa akipatana bei ya boti ya kumpeleka kisiwani Koome na familia yake: mke, mama mkwe na watoto wanne waliokwisha kuvaa majaketi okozi, wakayeyuka kwa joto. Bei ilipokubaliwa akamwambia nahodha, "Kijana wangu, mimi nina watoto. Tupitishe kwenye sitara, usitupeleke katikati." Nahodha akajibu, "Usiwe na wasiwasi mzee, tutabana ufuko mwanzo mwisho." Mzee akafurahi, akalipa. Mimi nikameza mate, kwa kuwa safari ya watu haiingiliwi na msubiri sangara.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huu kusikia sitara ikifanywa jina jingine la ukaribu wa ufuko. Nimeshindwa kuvumilia.

Maana yenyewe ni fupi. Njia iliyositirika ni ile ambayo kati yako na kule utokako upepo pana nchi kavu, iwe kisiwa, rasi au mlima, inayoukata upepo na kuyazuia mawimbi kabla hayajakufikia. Ndiyo hiyo tu. Ukitazama vizuri, hakuna mahali palipotajwa umbali wako na ufuko. Unaweza kuwa kilomita mbili kutoka nchi kavu ukawa umesitirika, na unaweza kuwa hatua hamsini kutoka majabali ukawa uko uchi kabisa.

Neno limetoka Kiarabu, satara, yaani kufunika au kuficha, nasi tukalipa watoto: sitiri, stara, sitara, kusitirika. (Wako wanaomwongeza mstaarabu kwenye ukoo huu, kwa hoja kwamba mstaarabu ni mtu wa stara. Si ndugu. Mstaarabu shina lake ni Uarabu. Kufanana kwa sauti kumewachanganya wengi.) Kitu ninachotaka ukishike ni tabia ya neno lenyewe: halitulii peke yake. Ukisema umejisitiri, msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nini? Tunajisitiri na mvua, tunajisitiri na jua, tunajisitiri na macho ya watu. Bafu la mabati lisilo na paa linakusitiri na wapita njia. Halikusitiri na mvua, wala halikusitiri na jirani aliyejenga ghorofa. Bafu ni lilelile, na jibu linageuka kwa kutegemea unamkwepa nani.

Ziwani unayemkwepa ni upepo, naye hana anwani moja. Kwa hiyo hakuna ghuba iliyositirika tu, kama vile mtu anavyoweza kuwa mrefu tu. Kuna ghuba iliyositirika na upepo wa kusini, na nyingine iliyositirika na upepo wa kaskazini. Anayekuambia "ile ghuba ina sitara" amekupa nusu ya sentensi.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilimaliza jambo hili zamani kwa maneno mawili: goshi, ambayo wengine huita joshi, na demani. Yote mawili ni kamba za tanga. Goshi hushika pembe ya mbele ya tanga, nayo demani pembe ya nyuma. Kutokana na kamba hizo wakazipa jina pande za chombo: goshini ni upande unaopokea upepo, demani ni ule upande wa pili, upepo unakoelekea. Ubora wa maneno haya ni kwamba hayakugandishwa chomboni kama kulia na kushoto. Geuza chombo, na upande uliokuwa demani unaweza kuwa goshini. Hata kisiwa ukikitazama kwa jicho hilo kina demani yake, na demani hiyo huhama upepo unapohama. (Demani ni jina la majira pia, mwishoni mwa kusi pepo zinapolegea, lakini hayo tuwaachie wa Lamu na Unguja.) Kwetu huku injini imelifukuza tanga kwenye boti nyingi za abiria, nalo neno likaondoka na kamba yake. Pengo lililobaki ndilo lililozibwa kwa "kubana ufuko".

Utaona naandika ufuko, siandiki pwani. Si kwamba nimesahau Kiswahili. Pwani ni mahali maji yanapokupwa, na Ziwa Victoria halipwi wala halijai kwa namna ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho. Watu wanasema "pwani ya ziwa" na dunia inaendelea kuzunguka, sitagombana nao leo. Ugomvi wa leo ni mmoja.

Kuna pia shwari, ambayo inachanganywa na sitara kila siku. Shwari ni hali: upepo umelala, maji yamenyooka kama sahani. Sitara ni mpangilio wa nchi na maji. Saa moja asubuhi unaweza kukuta ziwa lote ni shwari, hata pale ambapo hakuna kisiwa cha kukukinga kwa masaa. Ukipita hapo na watoto ukafika salama, umebahatika na saa, hujapita kwenye sitara. Ukirudi saa tisa alasiri kwa njia hiyohiyo ukiamini "ile njia ni salama, asubuhi tulipita", utakutana na ziwa jingine.

Na hapa ndipo ziwa letu linapomuumbua mbana ufuko. Victoria lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, na Uganda imekaa upande wa kaskazini. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya nchi hupanda, na ya ziwani huvuta kuja kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo upepo wa alasiri huku kwetu huja kutoka ziwani, kusini, na kati ya Juni na Agosti huongezewa nguvu na pepo za kusini mashariki. Tangu Mwanza hadi kwetu ni karibu kilomita 300, na palipo wazi pasipo visiwa upepo hupata nafasi ya kukimbia juu ya maji ukikuza mawimbi njia nzima. Mawimbi hayo huenda kumalizia hasira zake wapi? Kwenye ufuko wa Entebbe, wa Wakiso, wa Mukono. Yaani ule ambao nahodha ameahidi kuubana mwanzo mwisho.

Tena hapo yana ubaya wa ziada. Wimbi likifika penye kina kifupi hupungua mwendo, husimama wima na kuvunjika. Likigonga majabali hurudi na kukutana na lile linalokuja, maji yakawa kama sufuria linalochemka. Mtu aliye mbali kidogo anapanda na kushuka. Mtu aliyebana ufuko anatikiswa huku na huku.

Nimeyaona. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, tulikuwa watu tisa kwenye boti, wajomba na watoto, tukirudi jioni tumebana ufuko hivyohivyo kwa sababu shangazi alitaka aone miti muda wote. Injini ikazima. Mtu akizimikiwa na injini demani ya kisiwa, upepo unamsukuma polepole kuelekea maji mapana, ana muda wa kusafisha plagi na hata wa kulaumiana. Sisi upepo ulikuwa unatupeleka kwenye mawe, na mawe yalikuwa yale pale. Tulipiga kafi kwa makasia mawili na ubao wa kukalia. Tulifika, shangazi akiwa ameiona miti kwa karibu kuliko alivyoomba.

Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, na wengi walikufa ufuko ukiwa mbele ya macho yao. Kule tatizo kubwa lilikuwa watu kupita kiasi ndani ya chombo kibovu, kwa hiyo siwezi kuitumia kama ushahidi wa hoja yangu ya upepo. Naitaja kwa sababu moja tu: kuuona ufuko si kuwa ufukoni.

Turudi kwa mzee wetu wa Koome. Njia yake ilikuwa na sitara ya kweli, ila si ile aliyouziwa. Kisiwa cha Koome kiko kusini mashariki ya Entebbe, na upepo wa mchana ukija kutoka kusini, ubavu wake wa kaskazini ndio demani. Kipande kinachobaki wazi ni cha katikati, kabla kisiwa hakijaanza kukukinga. Kipande hicho huwezi kukifanya kiwe sitara kwa kubana chochote. Unakivuka asubuhi na mapema kukiwa shwari, kisha alasiri ikikukuta uwe tayari nyuma ya kisiwa. Anayekwenda Bugala, kisiwa kikubwa cha Ssese, ana kazi kubwa zaidi. Hata ile meli kubwa ya kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kisiwani humo huchukua zaidi ya saa tatu, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni maji mapana. Mwenye boti ndogo na watoto ambaye lazima afike Bugala ana njia ya Masaka: kutoka Bukakata, bara, hadi Luku, kisiwani, ni mlango mwembamba wa maji, na kwa upepo wa kusini mashariki Bugala yenyewe ndiyo ukuta.

Ila usilale ukidhani umemaliza. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, upepo ukaanza kutoka bara kwenda ziwani. Ule ubavu wa kaskazini wa kisiwa, uliokusitiri mchana kutwa, sasa ndio unaopokea, na ghuba za bara ulizozikimbia alasiri ndizo zenye sitara. Mara nyingi upepo huu ni mpole, mtu hausikii hata kwenye turubai. Lakini mvua za radi za ziwani hupenda usiku wa manane na alfajiri, na upepo wake wa ghafla haufuati ratiba ya mchana wala ya usiku. Ndiyo maana tabiri za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa wasafiri wa ziwani hutaja upepo na mawimbi kwa vipindi vya siku. Mtu anayesikiliza "leo kuna mvua au hakuna" amesikiliza lile lisilomhusu sana. Mvua yenyewe italowesha nguo tu, wa kuogopwa ni upepo wake.

Dalili moja ninayoipenda, kwa kuwa haihitaji simu: gugumaji. Wageni wakiona ghuba imejaa gugumaji husema, tazama palivyotulia, mpaka majani yameota. Mengi yameletwa. Gugumaji halina mizizi chini, linakwenda upepo unakolipeleka, na rundo lililosongamana kwenye kona ya ghuba mara nyingi linakuonyesha ghuba hiyo imefungua mdomo kwa upepo gani. Waliokuwapo Aprili 2020 wanakumbuka kisiwa kinachoelea kilichokokotwa na maji hadi bwawa la Nalubaale pale Jinja, nchi nzima ikakosa umeme.

Samaki wangu walipopimwa boti ya mzee ilikuwa imekwisha kuondoka, ikiambaa na mawe. Ilikuwa bado asubuhi, kwa hiyo naamini walifika vizuri na mzee atamsifu nahodha kwa kumpitisha kwenye sitara. Ningepata nafasi ya kumnong'oneza ningesema hivi tu: mzee wangu, neno lako ni zuri, limekatika mkia. Mwambie kijana, "Leo upepo unatoka wapi, na kuanzia saa ngapi? Basi tupitishe demani ya Koome." Akikujibu kwamba atabana ufuko, muulize ufuko upi.